Mwalimu Thilaga na Meza za Kantini

Katika miaka kumi na tisa niliyomuuzia chai, Mwalimu Thilagavathi hakuinywa ikiwa moto hata siku moja. Aliinunua kabla ya kengele ya asubuhi, nzito, ya maziwa, bila sukari, akaiweka kwenye kaunta yangu na kuanza kusahihisha madaftari. Alipoikumbuka ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi.

"Mwalimu, kama unataka maji baridi sema, nisikuchemshie bure," nilimwambia.

"Anti Gek, wewe chemsha tu. Harufu yake ndiyo inayonitoa usingizi."

Nauza vinywaji na mkate wa kaya, ile jamu yetu ya nazi na mayai, katika kantini ya shule ya sekondari huku Yishun, kaskazini mwa kisiwa chetu. Sikusoma. Baba alinitoa shule nikiwa darasa la tatu, nikae nyumbani nimenye kamba wa kuuza sokoni ili kaka yangu asome. Kaka akasoma, akawa mtu. Baba alipokufa, kaka akaniletea karatasi, akasema ni za mazishi, niweke dole gumba. Zilikuwa za kumwachia yeye nyumba. Nalisema hili mara moja tu. Simulizi hii si yangu, ni ya mwanamke aliyenifanya nisidanganywe kwa karatasi tena.

Thilaga ni binti wa mpaka rangi meli wa karakana za Sembawang. Kiingereza chake cha kwanza alikisoma kwenye makopo ya rangi, akiwa amechuchumaa karibu na baba yake wakati wa chakula. Alipofanya mtihani wa fasihi, walimpa shairi kuhusu theluji. Theluji, mtoto wa kisiwa hiki cha joto! Wenzake wakaandika kwamba theluji ni nyeupe na inapendeza. Yeye akaandika habari ya vidole vya wauza samaki vinavyokufa ganzi kwenye barafu alfajiri, kwa sababu mtu wa kwenye shairi alikuwa anaogopa, hafurahi. Akafaulu kuliko wote. Tangu hapo akasema atafundisha kitu hicho na si kingine.

Kitu chenyewe wanakiita andiko geni. Vitabu vya fasihi mtoto huvisoma miaka miwili, lakini sehemu moja ya mtihani humpa shairi au kipande cha hadithi asichowahi kukiona, aeleze peke yake kinasema nini na kinasemaje. Huwezi kukikariri. Ndiyo maana watoto wetu wanakiogopa kuliko hesabu, maana kukariri ndiko tulikowalea nako. Wanatoka shule, wanakwenda tuisheni, wanarudi na majibu yaliyokwisha kupikwa.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na wanafunzi tisa tu. Mkuu wa shule, Bwana Goh, alimkuta kwenye kaunta yangu.

"Mwalimu Thilaga, darasa lako linatuaibisha. Tisa, na wote wameanguka kwenye andiko geni."

"Nipe hadi mtihani wa majaribio, Mkuu."

"Mwezi wa nane. Wasipofaulu angalau watano, mwakani somo la fasihi halipo. Utafundisha sarufi." Kisha akanigeukia. "Anti, kahawa. Sukari kidogo, si kama ya jana."

Alipoondoka, Thilaga alizifunua zile karatasi tisa, akanisomea. Jibu la kwanza lilisema mshairi ametumia tashbihi ili kumchorea msomaji picha hai. La pili likasema hivyo hivyo. Mpaka la tisa, picha hai. Shairi lenyewe lilihusu mtu anayezika mbwa wake.

"Wamelijibu bila kulisoma," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia. Yule hana machozi ya kupoteza.

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, aliwaleta wote tisa kantini, akawapanga mbele ya kaunta yangu. Unajua watu wetu. Mtu hapangi foleni ya chakula kabla ya kuweka kitu mezani kushika nafasi: pakiti ya tishu, mwavuli, chupa ya maji. Na kitu kikishawekwa, hata waziri hakiondoi.

"Tazameni meza ile," Thilaga alisema. "Wenyewe hawapo. Niambieni ni akina nani."

"Mwalimu, leo hatusomi?" aliuliza Faizul, mvulana mmoja mrefu mwenye mdomo mkubwa kuliko akili, hivyo ndivyo nilivyodhani wakati ule.

"Mnasoma. Semeni."

"Ni tishu," alisema Pei Shan, yule msichana wa kwanza kwa kila somo. "Tishu inaashiria usafi."

"Inaashiria mafua," Faizul akamkata, na wote wakaangua kicheko.

Nilikuwa nasuuza vikombe. Sikuulizwa, lakini maneno yalinitoka. "Hao ni marafiki wawili waliogombana."

Wakageuka. Thilaga akasema, "Umejuaje, Anti?"

"Pakiti ziko mbili. Wangekuwa wamepatana, moja ingetosha. Halafu moja iko kona hii, nyingine kona ile. Wanataka meza ileile waliyoizoea, lakini hawataki kutazamana."

Punde wakaja wasichana wawili na sinia zao. Mmoja akakaa kona hii, mwingine kona ile, kila mmoja kanuna kama chura. Faizul alipiga yowe. "Anti mchawi huyu!"

"Si uchawi," Thilaga alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ameona kitu. Akasema maana yake. Akatoa ushahidi. Nyinyi mna miaka kumi shuleni, hamjawahi kunifanyia mambo hayo matatu. Yeye kafanya huku anaosha vikombe."

Miaka hamsini na moja nilikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kunisifu mbele ya watu kwa jambo la akili.

Tangu siku ile, kila Jumatano baada ya masomo alihamishia darasa kwenye meza zangu. Alileta shairi lisilojulikana na yeyote kati yao, akalisoma kwa sauti mara mbili, kisha akawaachia wao waseme. Walipigwa marufuku kutaja tashbihi, sitiari au takriri kabla hawajajibu maswali yake ya kwanza: nani anasema, ana nini moyoni, na umejuaje. "Tamathali ni vijiko," aliwaambia. "Kwanza nionyesheni kama kuna chakula."

Siku moja lilikuwa shairi la mtu anayeosha gari la kaka yake kila Jumapili. Pei Shan akasema maji ni utakaso, na mtu huyo ana upendo mkubwa.

"Upendo gani!" nilisema. "Huyo hampendi kaka yake hata kidogo. Anasugua mpaka ndani ya vyuma vya magurudumu. Mwenye kupenda huosha juujuu akaenda zake kunywa kahawa. Huyo anahesabu kila kipande ambacho kingekuwa chake."

Pei Shan akanitazama. "Mstari uko wapi, Anti?"

Alikuwa na haki. Ndiyo sheria ya Thilaga: ukisema, onyesha mstari. Lakini karatasi ile kwangu ilikuwa nyayo za kuku. Nikasema nina maji jikoni, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia Faizul, "Subirini, Anti kasema kweli! Mstari wa sita, anang'arisha kioo mpaka anajiona yeye tu. Na jina la kaka halitajwi popote!"

Jioni ile Thilaga alibaki. Hakunipa pole. Aliweka karatasi ya lile shairi kaunta, akachukua kidole changu, akakiweka kwenye mstari wa sita. "Hapa," akasema. "Kesho tena." Tukaanza hivyo, mstari mmoja kwa siku, chai yake ikipoa.

Mwezi wa nane watoto waliingia kwenye mtihani wa majaribio. Faizul ndiye aliyetoka wa kwanza, akaja mbio mpaka kwangu.

"Anti! Ni mwanamke anafunga duka lake siku ya mwisho. Amefagia sakafu mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Hataki kutoka! Mstari wa tisa, sakafu ilikuwa imeshang'aa."

Walifaulu wanane. Faizul alimpita Pei Shan, na binti wa watu akamnunulia mkate wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana Goh hakusema lolote kuhusu somo la mwakani. Thilaga aliuliza mara mbili, akaambiwa asubiri. Ikafika siku ya zawadi, wageni wakajaa ukumbini. Bwana Goh aliniagiza nipange vikombe nyuma. "Na usipite mbele, Anti." Kisha akapanda jukwaani kueleza mbinu mpya ya shule yake, ya kuwafundisha watoto kusoma mazingira. Yake. Jina la Thilaga alilitaja kwa pumzi moja pamoja na mafundi wa vipaza sauti. Langu sikulitarajia. Nimezoea.

Lakini nilipoinua macho, niliona viti vya mbele vyote vina majina ya wakubwa yaliyochapwa, isipokuwa kimoja, ubavuni mwa Mwalimu Thilaga. Juu yake palikuwa na pakiti ya tishu. Bwana mmoja mwenye tai alikitazama, akakipita, akaenda kusimama ukutani. Thilaga hakugeuka nyuma. Alijua nitasoma.

Nikavua aproni, nikapita mbele, nikakaa.

Alinipa kijitabu cha ratiba. Nilikifungua polepole, kidole kikitangulia, mpaka kurasa za nyuma zenye masomo ya mwakani. Nikarudia mara mbili ili nisijiaibishe.

"Mwalimu," nilinong'ona, "darasa lako lipo. Watoto kumi na sita."

Hakukichukua kijitabu. Alitazama mbele, kidevu juu, kama binti wa mpaka rangi anayetazama meli ikishushwa majini.

"Mstari uko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.