Pilipili, Fundi wa Kugawa Diski

Fundi wa kompyuta huyu mtaa mzima ulimwita Pilipili, na hawakumsingizia. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja, feni iliyogoma kugeukia upande wa wateja, na yeye mwenyewe, mwanamke mwenye ulimi usio na breki. Kilichomkera kuliko vyote ni diski isiyogawanywa. Kila mashine iliyopita mkononi mwake aliigawa diski yake sehemu mbili: sehemu ya kwanza ya kuendeshea kompyuta, ya pili ya vitu vya mwenyewe. Kompyuta ikigoma, anafuta ya kwanza na kuijenga upya. Ya pili haiguswi. Miaka kumi na tisa alikuwa anawaeleza watu hivyo, na bado walirundika picha za harusi na vyeti vyao sehemu ya kwanza. Kwa hiyo alinakili kila kitu kabla ya kufuta. Alinakili huku akitukana, lakini alinakili.

Jumatatu moja asubuhi akaingia mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, amekumbatia kompyuta iliyokataa kuwaka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeifanya nini tena?"

"Imezima tu yenyewe. Nakuomba uichunge, dada, sauti ya mama imo humu."

Sauti yenyewe ilikuwa ya dakika nne: mama yao kitandani, wiki moja kabla ya kufariki, akiwataja wajukuu mmoja mmoja na kuwatania. Hakukuwa na nakala nyingine popote.

"Vitu vyako viko sehemu ya pili?"

"Vyangu vyote viko huko, kama ulivyonifundisha. Lakini hiyo ya mama..."

"Hakuna cha lakini! Mwalimu mzima, kila siku lakini, lakini! Viko au haviko?"

"Viko," mdogo wake akajibu, akanywea.

Pilipili alikuwa amefura. Wateja watatu wanasubiri, na huyu wa tumbo moja naye analeta maelezo! Mgeni angemnakilia. Kwa ndugu aliyemfundisha mwenyewe aliona ni kupoteza muda. Akafuta sehemu ya kwanza, akaweka mfumo mpya, na kufikia saa sita kompyuta ikawaka.

Sehemu ya pili ilikuwa salama salimini: alama za wanafunzi, maandalio ya masomo, picha za watoto, kila kitu na folda yake. Sauti ya mama haikuwepo.

"Umeiweka wapi?" Pilipili akafoka. "Si nimekuuliza? Si nimekuuliza wewe?"

Mdogo wake alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza maishani naye akampandishia sauti dada yake. "Uliiweka wewe! Siku ulipoitoa kwenye simu yako, uliiacha hapo mbele, sehemu ya kwanza. Ukasema nisiiguse nitaiharibu, utaihamisha mwenyewe. Ndicho nilichotaka kukwambia asubuhi!"

Ilikuwa kweli, na simu ile alishaiuza. Hasira ikamjaa Pilipili, na safari hii hakuwa na wa kummwagia. Aliwafukuza wateja, akaipekua diski mchana kutwa kwa kila programu aliyokuwa nayo. Jioni likapatikana jina la faili. Alipoifungua, zikatoka dakika nne za mkwaruzo mtupu.

Mdogo wake alizisikiliza zote mpaka mwisho, kisha akaifunga kompyuta.

"Ungeniacha nimalize kusema tu, dada."