Mgeni Aliyefunikwa Blanketi

Msinicheke nikisema "enzi zetu", maana mvi sina hata moja. Lakini sisi tuliokulia Mafinga na masweta ya kufumwa na mama zetu, magaga miguuni na makamasi yaliyoganda puani, tuna haki ya kusema hivyo. Nani kati yenu hakuteleza mlimani juu ya majani makavu ya miti ya paini, amekalia kipande cha dumu, akafika chini kaptula imetoboka? Nani hakwenda shule asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umeziba njia, mkono mmoja kidumu cha maji na mkono mwingine kiazi cha kuchoma? Kiazi chenyewe si cha kula kwanza, ni cha kupashia vidole. Watoto wa siku hizi wanavaa glavu wakiwa ndani ya gari. Haya, Mungu awabariki.

Nyumbani kwetu mambo yalibadilika siku Baba alipokuja na kompyuta. Alikuwa karani huko Mgololo, na ofisini kwao walikuwa wakinunua vifaa vipya, wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua vya zamani kwa bei nafuu. Akaileta juu ya lori la mbao, ameifunga katikati ya godoro, mwenyewe amekaa pembeni anaishikilia kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Boksi kubwa jeusi, na kioo cha chogo kilichojaza meza nzima. Alipomaliza kuipanga pembeni mwa sebule akatusimamisha mlangoni, mimi na mdogo wangu Festo. "Humu ndani sasa tuna mgeni," akasema. "Mbele ya mgeni haturukiruki." Jina likabaki hilo hilo mpaka leo. Mgeni.

Na kweli alipokelewa kama mgeni. Kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio kikahamia kwake, redio ikabaki uchi. Viatu tulivua mlangoni, mikono tukanawa kwa sabuni. Majirani walipitia kutujulia hali, ghafla wote wana habari za kutujulia hali. "Kamwene, kamwene," wanamsalimia Mama huku macho yako pembeni kwa Mgeni. Baba alituruhusu kuandika majina yetu tu, kwa zamu, na ukikosea herufi unarudi nyuma ya foleni. Festo alikosea makusudi ili apate kulalamika.

Tatizo la Mgeni ni kwamba alikuwa mzito kuamka. Weee! Jioni Baba alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, feni ikanguruma, kioo kikabaki cheusi. Kinatokea kijimstari kinapepesa, kinapotea. Hapo ndipo Mama alipoinuka kubandika birika kwenye jiko la mkaa, mimi namenya viazi, Festo anatumwa chumvi. Baba alivuta kigoda karibu na jiko akaanza hadithi zake, mara ya karani mwenzake aliyemkimbia kenge akidhani ni mamba, mara anageuka ghafla kukuuliza saba mara nane. Chai ikiiva, Mgeni naye yuko macho. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani sikuwahi kumwona amekaa na Baba wakicheka isipokuwa muda ule wa kumngoja Mgeni. Muda mwingine wote alikuwa na jembe, au ufagio, au madaftari ya watoto wa watu.

Sasa subirini niwaambie la blanketi. Mwezi wa saba uliingia na baridi yake ile ya kuumiza meno, na Mama akamwonea huruma Mgeni. Kwetu mgeni akilala bila blanketi ni aibu ya nyumba nzima. Akatoa kabatini blanketi la bluu alilombebea Festo akiwa mchanga, akalifunika lile boksi jeusi lote, hata tundu hakuacha. Na wakati wa kazi hakumfunua, kwa sababu wakati wa kazi baridi ilikuwa pale pale. Siku moja anachapa mtihani wa darasa la saba, pu! Mgeni amezima. Akawashwa, tukangoja. Pu! Baba akalaumu umeme, akalaumu soketi, akamlaumu Festo ambaye alikuwa nje anacheza gololi. Mama aliona baridi imezidi, akaongeza na shuka juu ya blanketi.

Mwisho Baba aliingiza mkono chini ya yale matandiko, akautoa mbio. "Mama Upendo! Huyu ana homa!"

Mama akashika kiuno. "Sasa mimi ningejuaje? Alikuwa anatetemeka! Mtoto akitetemeka unamfunika au unamfungulia dirisha?"

Jamani, tulicheka. Baba alikaa chini kabisa, machozi yanamtoka. Ile ya kutetemeka ilikuwa feni ya watu inahangaika kutafuta hewa. Habari zikafika mtaani, na kwa muda mrefu wanakwaya wenzake walimuuliza Mama kama mgonjwa wake amepata nafuu.

Miaka imekwenda. Mimi nauza vitambaa Mbeya, pale Mwanjelwa, na Festo yuko Iringa mjini, kompyuta ndiyo ugali wake. Kile kioo cha chogo kilikufa, Mgeni akapewa kioo bapa, lakini boksi ni lile lile. Mama amestaafu ualimu, ila kila wiki anachapa nyimbo za kwaya ya usharika kwa maandishi makubwa, kwa ajili ya wazee wenzake ambao macho yamechoka. Mwaka huu akanipigia simu.

"Upendo mwanangu, nimewaambia wanakwaya watafute mtu mwingine. Mgeni sasa nikimwasha, chai inaiva, inanywewa, vyombo vinaoshwa, yeye bado. Wimbo mmoja unakula siku nzima. Nimeshindwa."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Iliniuma sana, kwa sababu namjua mama yangu. Ukimwondolea zile nyimbo, atabaki kukaa uani anahesabu kuku, na mama yangu si mtu wa kuhesabu kuku. Nikapanda basi la asubuhi, Chimala nikanunua mchele maana kwetu siingii mikono mitupu, na jioni tukakaa kikao, Festo naye amekuja na laptopu mpya kutoka dukani kwake.

"Dada, huyu apumzike sasa," akasema. "Siku hizi mtu hahangaiki na kufufua. Ananunua."

"Wewe ulipougua surua tungenunua mwingine?"

Akacheka, lakini hoja zake zilikuwa za kweli. Alisema anaweza kumbadilishia Mgeni diski yake ya zamani, amwekee ya kisasa, na amwongezee memori, naye ataamka upesi. Ila mwili ni wa kizee. Siku yoyote kifaa kingine kinaweza kufa na tukawa tumemtibu bure, wakati laptopu ina miaka mingi mbele yake. Mama aliigusa ile laptopu kwa kidole kimoja, mshale ukakimbia upande wa pili.

"Unaona?" akasema. "Herufi za Mgeni zimefutika zote, lakini vidole vyangu vinazijua. Mimi nataka kuchapa, sitaki kujifunza kuchapa."

Basi, kikao kikaisha hapo. Mgeni atatengenezwa.

Asubuhi nilimkuta Baba nyuma ya nyumba anapasua kuni wakati kuni zimejaa stoo. Nikamuuliza mbona ametukimbia.

"Mtengenezeni tu," akasema. "Mama yenu afanye kazi yake." Akapasua gogo jingine. "Ila Mgeni akiwa anaamka haraka hivyo, mama yenu atakaa na mimi saa ngapi?"

Akacheka kidogo, lakini alimaanisha. Nilikuwa nimewaza hilo hilo ndani ya basi.

Mchana Festo alifungua boksi. Kwenye feni kulikuwa na manyoya ya bluu yameshikamana na vumbi. Akayavuta taratibu, akayatazama. Ni blanketi lake alilobebewa. Alipoyaweka mfukoni nilijifanya sijaona. Nikakaa pale namwangalia akifunga skrubu, nawaza mwanangu aliye Mbeya. Simu ikichelewa kidogo kufunguka, anaitikisa kama chupa ya dawa. Simlaumu, amezaliwa kila kitu kiko macho tayari. Lakini mimi saba mara nane niliijua nikimngoja Mgeni, na habari za kenge, na meno ya Baba yote akicheka. Yeye atavipata wapi?

"Mama, njoo ubonyeze mwenyewe," Festo akaita.

Mama akabonyeza, akageuka kama siku zote kulifuata birika. Hajafika popote, kioo kikawaka chote. "Yesu wangu!" akasema, akarudi kukaa. Akafungua wimbo, akachapa ubeti, akafuta, akachapa tena, anacheka peke yake. Usoni alikuwa yule mwalimu wa zamani.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko, anatazama viganja vyake. Mama akageuka kutuambia kitu, akamwona. Kisha akainuka, akalijaza birika maji, akalibandika.

"Mama Upendo," Baba akasema, "Mgeni ameshaamka. Kazi inakungoja."

"Mwache angoje," Mama akasema, akivuta kigoda chake karibu na cha Baba. "Sisi tumemngoja miaka yote hii."