Bahari Ilivyomleta Mama Mkwe Kikuyu

Mpaka nafikia umri wa makamo, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa macho yangu yalikuwa ya bwawa la Mtera. Hata hivyo kuna mwaka nilibishana juu ya bahari kuliko mvuvi yeyote wa nchi hii.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka ya Dodoma yaliyozoea rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi. Magazeti mapya yalitoka kila kukicha, na kila mtu alikuwa na maoni. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, nikiishi na mke wangu mtaa wa Kikuyu, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Nilikuwa nimenunua friji kuukuu lililoletwa na meli kutoka Ulaya. Mke wangu aligandishia humo barafu za ubuyu za kuuza, na mimi nilijiona tajiri.

Mke wangu ni mtu wa pwani ya Tanga. Siku moja ilikuja habari kwamba maji ya bahari yameingia jikoni kwa mama yake.

"Mama aje akae na sisi," mke wangu akasema.

Mimi ni Mgogo, na nilivyolelewa, mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Huli mbele yake. Ukimwona anakuja, unakata kona. Sasa katika nyumba ile ningekata kona kuelekea wapi? Choo kilikuwa kimoja!

Ndipo nilipogundua umuhimu wa kujua kwa nini bahari inapanda. Kama inapanda kwa sababu ya joto la dunia nzima, basi nyumba ya mama mkwe imekwisha na mwenyewe yuko njiani kuja Kikuyu. Lakini kama ni watu tu wanaochimba mchanga ufukweni na kukata mikoko, dawa ipo: wakamatwe, ufukwe upone, mama abaki kwake. Kwa hiyo niliamua kuamini habari ya mchanga, kwa moyo wangu wote.

Nilianzia kwa muuza magazeti karibu na ofisi, mahali tulipokuwa tukisoma vichwa vya habari bila kununua. Mabishano yalikuwa matamu.

"Ni Wazungu na viwanda vyao," mmoja alisema. "Barafu za huko mwisho wa dunia zinayeyuka."

"Ni meli za mitumba," akasema mwingine. "Zimezidi. Wewe ukitumbukiza mguu ndooni, maji hayapandi?"

"Basi wewe ukiingia kuoga, Zanzibar nzima itazama!"

Tulicheka mpaka muuza magazeti akatufukuza. Mimi nilibaki palepale: mchanga, mchanga, mchanga. Nikawa maarufu, hata vijana wa chuo walipoandaa mdahalo wa hadhara juu ya bahari wakanialika kuwa msemaji. Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamama mpole mwenye miwani.

Kule nyumbani mke wangu aliendelea kuuliza. "Nimjibu nini mama?"

"Mwambie asubiri kidogo. Suala bado linajadiliwa."

Huko Tanga masika ilikuwa imeanza.

Jumamosi ya mdahalo ukumbi ulijaa. Nilikuwa na silaha. Nilichukua chupa ya chai, nikaijaza vipande vya barafu kutoka kwenye friji langu. Mbele ya watu nikaweka vipande viwili ndani ya glasi, nikamimina maji mpaka ukingoni, barafu ikaelea. Nikahutubia juu ya mchanga. Nilipomaliza, barafu ilikuwa imeyeyuka yote na hakuna hata tone lililomwagika mezani.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "barafu imekwisha. Mafuriko yako wapi?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hiyo niliisoma sekondari, kidato cha pili, na nilijivunia kuikumbuka.

Mwalimu akasimama taratibu. "Nampongeza msemaji, hajadanganya. Barafu inayoelea haiongezi maji. Lakini huko duniani kuna barafu nyingine imekaa juu ya ardhi, kama ile iliyobaki kwenye chupa yake. Naomba niiazime."

Sikuweza kumnyima. Alifungua chupa, akatumbukiza vipande vitatu kwenye glasi yangu. Maji yakamwagika, yakatambaa juu ya meza na kulowesha karatasi za mwenyekiti, ambaye aliruka kama kaona nyoka.

"Sikatai kwamba mchanga unachimbwa," mwalimu akaendelea huku watu wakipiga meza. "Lakini anayebomolewa ukuta na jirani bado atanyeshewa na mvua. Yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja."

Kisha ukaja wakati wa maswali. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono nyuma kabisa. Alikuwa mke wangu.

"Namuuliza msemaji wa mchanga. Wachimbaji wakikamatwa leo, yule bibi ambaye maji yako jikoni kwake atalala wapi usiku huu?"

"Mwenyekiti, huyu mama ninamfahamu," nikasema.

"Jibu swali, usijibu mtu!" mwenyekiti akafoka, akikausha karatasi zake kwa leso.

Ukumbi ukacheka. Mke wangu hakucheka. Nilimtazama, nikaona kwamba wiki zote zile nilipokuwa nikitafuta sababu ya maji, yeye alikuwa akimwona mama yake amesimama ndani ya maji hayo.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba kuhama upande."

"Hairuhusiwi!"

"Basi naomba kwenda nyumbani. Nina mgeni wa kumtumia nauli."

Mama mkwe alifika kwa treni, na vitu vyote alivyookoa vilienea kwenye kapu moja. Godoro na kabati la mahari yake viliharibiwa na maji katika zile wiki nilizomwambia asubiri. Hilo ni kosa langu, siyo la bahari wala la wachimba mchanga, na nimezeeka nalo.

Tulimpa chumba cha nyuma, nikatoboa ukuta na kumwekea mlango wake wa kutokea uani, tusikutane. Siku za mwanzo tulizungumza ukuta ukiwa katikati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nasikia unasema ni wachimba mchanga."

"Nilisema, mama. Nimeacha."

"Usiache. Walichimba kweli, niliwafukuza kwa mwiko. Ila bahari ilikuja vilevile. Na huyo wa redioni jana alidanganya kuhusu mikoko."

"Hapana mama, pale alikuwa sahihi."

"Sahihi wapi! Wewe mikoko umeiona lini?"

Tulipandishiana sauti mpaka jirani akachungulia. Mke wangu akatoka jikoni akimpelekea mama yake sahani ya perege wa Mtera, akauliza kama tunagombana na ukuta.

"Mwambie mumeo aje anibishie usoni," mama mkwe akasema. "Shingo inaniuma kwa kupiga kelele."

Nikachukua kigoda changu, nikazunguka uani, nikakaa mbele yake. Alinisogezea sahani.