Ini Moja, Majibu Mawili

"Mama, si uchague tu jibu moja uende nalo?" karani wa kliniki aliniambia, na hapo ndipo uvumilivu uliponishinda. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamkalisha juu ya kaunta, mbele ya kompyuta yake.

"Haya, shika huyu. Nikifa na ini, utamchagulia shule pia."

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Kwamba nina homa ya ini aina ya B nilijulia kliniki ya wajawazito. Baada ya kujifungua walinidunga sindano mbavuni, wakatoa kipande cha ini chembamba kama uzi, wakakiweka kwenye kioo kidogo cha maabara kisomwe kwa darubini. Msomaji wa kwanza, daktari wa maabara, alisema makovu ya ini ni machache, ningoje bila dawa. Daktari wa kliniki hakuridhika, akataka kioo hichohicho kisomwe kwingine. Kwetu mgonjwa ndiye mbebaji. Nilikitoa Gatina mpaka maabara ya Kibera ndani ya soksi ya mtoto, nikitembea kama niliyebeba mayai. Msomaji wa pili alisema makovu yameanza kuungana, dawa zianze sasa.

Nyama ileile. Kioo kilekile.

"Labda ulikishika juu chini," mume wangu akanitania.

"Nitakushika wewe juu chini."

Tangu siku hiyo kliniki ikawa inanituma maabara, maabara inanirudisha kliniki, na dawa haziandikwi.

Sasa kilio cha mtoto pale kauntani kilimtoa daktari ofisini. Hakunidanganya. Makovu hayapimwi kwa rula, alisema; mtu huangalia, akakadiria, na wasomaji wawili wazuri wanaweza kupishana.

"Hiyo nimeelewa, daktari. Hata marefa hupishana. Lakini huitana, wakaongea, halafu filimbi inapigwa moja. Hawa wenu wameongea?"

Alijikuna shingo. "Bado."

Basi nikaomba karatasi. Nilimwandikia msimamizi wa hospitali palepale kwenye kaunta, mtoto akining'ang'ania kalamu, na sikuondoka mpaka karani akaigonga muhuri:

"Silalamiki kwamba madaktari walitofautiana. Nalalamika kwamba walitofautiana na hakuna aliyewakutanisha. Nataka wakae kwenye darubini moja, watazame kioo changu pamoja, wanipe jibu moja lenye sahihi zao wote wawili. Kioo kiko kwangu. Semeni siku, nitakileta mwenyewe."