Mama Mdogo, Mkazi wa Mabibo

Mpaka leo nikisikia mwandishi anasema mhariri "amemboreshea" makala, damu inanichemka.

Nilipoanza kuandikia jarida moja la Dar es Salaam, bila mkataba, kwa maelewano ya simu tu, nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani kiasi kwamba hata safari fupi ya kutoka kwetu Nachingwea hadi Ruangwa naaga majirani. Nilikuwa na kidato cha nne na kiburi cha mwenye shahada.

Makala yangu ya kwanza ilimhusu mama mdogo wangu, mkulima wa Ruangwa. Watu wakishanyofoa korosho huyaacha mabibo, lile tunda lenyewe, yaoze chini ya mikorosho. Yeye huyaokota, akayakamua, akayaanika hadi yasinyae, akayaweka akiba ya miezi ya njaa. Alinielekeza siku tatu nzima, maana hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jarida lilipotoka nilimpelekea mwenyewe. Njia nzima nilikuwa natazama jina langu, makala sikuisoma. Niliisoma kwa mara ya kwanza pale uani kwake, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mbele yake, mumewe na wanawake wa jirani:

"Mama mdogo, mkazi wa Mabibo, huanika matunda hadi yasinyae."

Mabibo, ile kata ya Dar es Salaam.

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akamwuliza huko Mabibo amepanga au amejenga. Mwingine akataka kujua shemeji yao wa huko anaitwa nani. Baba mdogo hakucheka. Miaka miwili kabla ya hapo mkewe alikaa Dar miezi miwili, akimwuguza binti yao.

"Kumbe ile miezi miwili," alisema taratibu, "ulikuwa mkazi."

Mama mdogo alinitazama mimi. Nikaapa kwamba sikuandika hivyo, na baba mdogo akaniuliza hapo juu pameandikwa jina la nani.

Nikampigia mhariri, nikafungua spika wote wasikie. Wala hakuona kosa. Alinielewesha kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Kijana, Mabibo ni jina la mahali. Wewe umeandika kwa herufi ndogo, tena unasema yanaanikwa. Mtu haaniki mahali. Ndiyo nikakusahihishia."

Na huyu ndiye mwenye kalamu juu yetu. Korosho anatafuna hapo mezani kwake, hajawahi kujiuliza zilikuwa zinaning'inia kwenye nini.

Baba mdogo aliguna, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akamwambia mkewe amsamehe, ni huyu mhariri wa mwanao na Kiswahili chake cha mjini.

Na mimi nilimjibu nini mhariri? Nilimwambia asante sana, nitakuwa makini. Nikakata simu.

Mama mdogo alikuwa ameshaninyang'anya jarida.

"Mtu ananihamisha kwangu," alisema, "halafu wewe unamshukuru. Mpigie tena."

Nikapiga. Safari hiyo simu aliishika yeye.