Vifaranga Niliowachagua Mwenyewe

Wacha niseme ukweli hata kama mtanicheka. Mke wangu alikuwa ameenda kwao kando ya ziwa kumuuguza mamake, na nyumba yetu hapa Langas ilinyamaza hadi nikaanza kusalimia jiko. Siku moja akapiga simu. "Mama amepata nafuu. Nunua vifaranga. Wakianza kutaga tu, nakuja."

Mama muuzaji alinionyesha maboksi mawili. "Hawa ni majike tupu. Hawa wengine wamechanganyika, lakini bei ni nafuu."

Mimi, mtoto wa mashambani, nifundishwe kuku? Niliinama kwa waliochanganyika, nikachagua kumi wenye miguu minene, wale wanaokanyaga wenzao wakifuata chakula.

Wakaota vishungi vyekundu. Nikasema hiyo ni afya. Hamu iliponizidi, nikamwambia mke wangu wameanza kutaga, nikanunua mayai dukani na kuyapanga kwenye kiota.

Jana asubuhi akafika. Kabla sijamkumbatia, wote kumi wakawika. Aliweka begi chini, akachungulia kiota, kisha akanigeukia.

"Baba Achieng, kati yenu, ni nani ametaga?"