Injini Mpya ya Pikapu ya Baba

Walisema sitaweza. Walisema nikiwa nimesimama papo hapo, mikono mfukoni, kana kwamba mimi ni mgonjwa asiyesikia. Mzee Kioko, jirani yetu wa mlango wa pili aliyeendesha malori tangu ujana wake, alisema injini ya dizeli haiogopi vyeti. Njoroge, niliyekua naye na ambaye siku hizi anauza vipuri vya mitumba, alicheka hadi akashika kiuno. "Buda, huko Ghuba mlikuwa mnabonyeza kompyuta, inawaambia gari inaumwa wapi. Hapa Mbotela kompyuta ni masikio." Hata Mama, anayenipenda kuliko wote, alisema, "Mwanangu, si ungekula kwanza, upate mwili kidogo, hayo mavyuma yangoje?"

Ninyi mliolelewa nasi mtaani Mbotela, kwenye nyumba za kupanga za kaunsili ya jiji, mnajua jambo hili: ukitaka mtoto wa Mbotela afanye kitu, mwambie hawezi. Ndivyo tulivyopanda kila ukuta tulioambiwa hatuwezi kuupanda, na ndivyo nilivyoanza ufundi wa magari kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Nakumbuka tukiokota waya nyuma ya viwanda, tukiukunja kwa meno na mawe mpaka ukawa gari. Magurudumu tulikata kutoka kwa malapa yaliyochakaa, na mara nyingine malapa yasiyochakaa, jambo lililotuletea fimbo. Usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani, nawe unakimbia nyuma ya gari lako ukinguruma kwa mdomo. Magari ya wenzangu yalirukaruka kwenye mawe. Langu lilikuwa na springi za mpira wa blada, ule wa ndani ya gurudumu, nalo lilipita kama bwana harusi. Sijisifu. Muulizeni Njoroge, alinipa andazi zima ili nimtengenezee kama lile.

Watoto wa siku hizi ukiwapa waya watatafuta mahali pa kuuchomeka.

Tulicheza kati ya kukwepa mpira na bano ya gololi na brikicho ya kujificha mpaka giza linaingia, miguu ikiwa na vumbi hadi magotini, na kila mama akiita wanawe kwa sauti tuliyoweza kuitofautisha kama nyimbo za redioni. Tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa kwetu, githeri ya mahindi na maharagwe kwa akina Njoroge, na hakuna aliyeuliza umealikwa na nani. Kisha Jumamosi moja Baba akaja na pikapu.

Baba alikuwa dereva wa kampuni, na gari lake mwenyewe lilikuwa ndoto aliyoilisha shilingi kwa shilingi. Pikapu ilikuwa ya dizeli, ya buluu, mlango mmoja ukifunguka kutoka ndani tu. Ilibeba vitanda vya waliohama na maharusi wa kanisani, na siku za likizo ilitubeba sisi, watoto wa safu nzima, hadi Njiru kuchuma mapera. Njiru yenyewe ilikuwa mashamba na machimbo ya mawe. Leo nikiwaambia wapangaji wa huko kwamba tulifukuzwa na ng'ombe pale penye maghorofa yao, wanafikiri natania. Baba alikuwa akisema, "Gari ni kama ng'ombe. Ukimsikiliza atakuambia anapoumwa."

Lakini miaka niliyokuwa Ghuba, nikiosha magari mchana na kusoma jioni hadi nikapata diploma ya ufundi wa magari, hiyo hiyo iliyo ukutani kwa Mama kando ya picha ya ubatizo wangu, pikapu iliumwa na hapakuwa na wa kuisikiliza. Maji yaliingia kwenye oili, injini ikajifunga. Giaboksi nayo ilikuwa imeanza kuzitema gia zamani. Niliporudi niliikuta kando ya nyumba, majirani wameanika mablanketi juu yake, na Baba ameshapatana na Wambua, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje kuivuta Jumamosi.

Nilimwomba Baba aniachie.

"Ikiwaka kabla Wambua hajaivuta, ni yako," alisema. "Isipowaka, mwache aende nayo. Nimechoka kuona gari langu likiwa kamba ya nguo."

Basi nikaanza. Njoroge alinitafutia injini ya dizeli ya aina ile ile, iliyotolewa kwenye gari la abiria, ikiwa imeungana na giaboksi yake ya gia tano. Vingine vyote niliazima. Njoroge huyo huyo alinipa kapi la mnyororo la kuinulia injini. Mzee Kioko alitoa spana zake, akizikabidhi moja moja kama mtu anayeozesha mabinti. Mama Shiro, aliyekuwa akijenga chumba nyuma ya nyumba yake, akaniazima milingoti, tukaifunga kwa juu, tukaning'iniza kapi.

Kutoa mashine ya zamani kulikwenda vizuri. Nilifunga kila waya kitambaa cha rangi yake, nikatoa rejeta, nikafungua propela inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na giaboksi na injini zikatoka zikidondosha oili nyeusi ya miaka. Taabu ilikuja Ijumaa. Tuliinua injini mpya, tukaishusha polepole, nayo ikagoma katikati. Ile sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ilikuwa imekalia chuma cha fremu. Kwenye gari la abiria tumbo la sampu liko mbele. Kwenye pikapu linatakiwa nyuma.

Mzee Kioko alivuta kiti akaketi, kama mtu aliyefika mapema kwenye sinema.

"Si nilikwambia?" Njoroge akasema.

"Lakini wewe ndiye uliyeniuzia."

"Mimi niliuza injini, buda. Sikuuza gari la kuitoshea."

Jamaa mmoja akapendekeza tukate fremu. Nikamwambia kata mguu wako kwanza. Enzi zetu hakuna aliyetupa gari la waya lililovunjika, ulilala nalo chini ya kitanda, kwa sababu kesho lingekuwa na kiungo ambacho jipya halina. Nikalala chini ya injini ya zamani, nikafungua sampu yake pamoja na bomba lake la kufyonza oili, nikaviosha kwa dizeli, nikavifunga kwenye mpya. Ikashuka na kukaa kitini mwake. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, hivyo propela ikazidi kwa upana wa kiganja, fundi wa kukereza vyuma akaikata na kuiunga upya. Mzee Kioko alirudisha kiti chake ndani, na kwa Mzee Kioko hiyo ni hotuba.

Jumamosi asubuhi niliunga mabomba ya mafuta, nikatoa upepo kwa pampu ya mkono, maana dizeli yenye upepo haiwaki hata uombe. Nikapiga stata. Ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka. Kisha betri ikaanza kuchoka, sauti ikashuka, mwishoe ikabaki tiki tu. Na hapo ndipo lori la Wambua lilipokunja kona, likiwa na kamba na vijana wenye mabega.

Majirani wote walikuwa nje. Nilimtazama Baba, nikadhani yamekwisha.

"Wambua, karibu," Baba akasema. "Kabla hujaivuta, isukumeni kidogo."

"Mzee, mimi nimekuja kuchukua vyuma, sikuja kusukuma magari ya watu."

"Isukumeni. Isipowaka, itakuwa imeshafika karibu na lori lako."

Hesabu hiyo Wambua aliielewa. Vijana wakaweka mabega. Niliingia, nikatia gia ya pili, nikashika klachi mpaka tukapata mwendo, nikaachia. Pikapu ilishtuka, ikatapika moshi mweusi uliowafunika wote, ikawaka. Nilizunguka nyumba zote za safu yetu, gia zikiingia kama kisu kwenye siagi. Niliporudi, Njoroge alikuwa akiwaeleza watu, "Hiyo injini niliichagua mimi."

Mnakumbuka kwamba kwetu bakuli la jirani halikurudishwa tupu. Ulitumwa na sufuria ya watu ikiwa na chochote, hata kama ni ndizi mbili, na mtoto aliyezila njiani alijulikana kabla hajafika. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada niliwalipa wote walioniazima. Spana za Mzee Kioko zilirudi zimepanguswa, naye nikampa usukani hadi Njiru na kurudi. Alipotia gia ya tano alicheka peke yake. Milingoti ya Mama Shiro ilirudi na mchanga wa kumalizia chumba. Kapi la Njoroge lilirudi na safari ya kuhamishia duka lake. "Tumemalizana," aliniambia. "Lakini usiende ukiwaambia watu nilisema huwezi." Nikamwambia nitaandika.

Akabaki Wambua, aliyeniazima mabega. Kwake nilipeleka injini ya zamani na giaboksi yake, bure. Baba alisisitiza kuja, na kabla hatujaipakia aliifuta kwa kitambaa, kitu kinachokwenda kuyeyushwa. Ilipoteremshwa alisimama nayo kidogo, mkono juu yake, kisha akasema twende.

Mashine yangu ni tulivu, hilo nawaambia bila aibu. Tulifika nyumbani, nikazima, tukaingia, tukamkuta Mama amekaa na jiko halijawashwa. Zamani, kwa mngurumo wa ile injini ya kwanza, alitusikia tungali Jogoo Road, kwenye barabara kuu, na tulipofika mlangoni ugali ulikuwa umeshageuzwa kwenye sinia.

"Mmefika saa ngapi?" aliuliza. "Mbona sikuwasikia?"

Baba alivua kofia, akanitazama, kisha akaenda mwenyewe kuwasha jiko.